Barua tatu kuhusu maktaba na intaneti

Mwezi huu barua tatu kati ya zile zilizonifikia zinagusa jambo moja: maktaba zetu za Lubumbashi, na namna ya kuongea na wasomaji kwa njia ya simu na intaneti. Nimezifupisha kidogo. Mimi nimelinda vitabu miaka 22, mingi ya hiyo huko Katuba, na jambo hili liko karibu sana na moyo wangu, kwa hiyo mtanisamehe nikirefusha.

BARUA YA KWANZA

*Mama, jambo sana. Mimi ni kijana wa Kamalondo, nina miaka 27. Nalinda maktaba ndogo ya mtaa yenye vitabu 1,400 hivi. Vingi ni vya Kifaransa, vya Kiswahili havifiki 50. Miezi minane iliyopita tulifungua blogu ya maktaba. Nimeandika mara 31. Jumbe nilizopata ni mbili tu, na mmoja umetoka kwa dada yangu. Kamati imegawanyika: wengine wanataka nifunge blogu nihamie WhatsApp, mweka hazina anataka tutafute pesa tujengewe tovuti kubwa yenye kila kitu. Umeme unajua ulivyo, na mega za intaneti ni ghali. Huko kwingine maktaba zinafanyaje mpaka wasomaji wanaandika? Au watu wetu hawapendi kusoma?*

Mwanangu, aksanti kwa barua. Kabla ya kushika kalamu nilikaa barazani jioni, mtaa mzima giza, nikafungua blogu yako kwenye simu nikaisoma yote, kuanzia andiko la kwanza mpaka la 31. Saa za kufungua umezitangaza mara sita. Vitabu vilivyoingia umeviorodhesha vizuri, hata namba za rafu umeziweka. Kila sikukuu umetutakia heri. Lakini katika maandishi hayo yote hakuna mahali ulipomuuliza msomaji kitu. Anasoma kwamba Jumamosi mtafunga saa sita, anasema haya, anafunga simu. Ulitaka aandike nini hapo chini?

Halafu nikaufikia ule ujumbe wa pili, usio wa dada yako. Mama mmoja ameandika: "Muna kitabu cha hesabu cha kalasi ya sita? Mtoto ana mtihani." Hakuna aliyemjibu. Mwanangu, hapo moyo uliniuma kweli. Mama huyo alitumia mega zake, akaitafuta njia mpaka akafika kwenu, akabisha hodi, na nyumba ikakaa kimya. Kwa hiyo lile swali lako la mwisho, kama watu wetu hawapendi kusoma, nakuomba ulifute. Huyu alikuwa anataka kitabu.

Kosa hili limefanywa na maktaba nyingi kabla yako, hata zenye pesa. Blogu ilianza kama daftari tu. Mmarekani Jorn Barger alilitumia neno weblog mwaka 1997, na log kwa Kiingereza ni lile daftari ambalo nahodha anaandikia safari yake siku kwa siku. Mwaka 1999 watu wakalikata likabaki blog. Mwaka huohuo ikaja Blogger, na mwaka 2003 WordPress, programu ambazo mtu anaandika bila kumwita fundi. Kwetu sisi wakutubi hilo lilikuwa jambo kubwa. Zamani ukitaka kubadilisha mstari mmoja kwenye tovuti ulimngoja fundi wiki mbili. Sasa mkutubi akaweza kuandika mwenyewe asubuhi, na chini ya andiko lake ikawepo nafasi ya msomaji kutia neno. Nafasi hiyo ya chini ndiyo iliyogeuza kazi yetu. Mwaka 2005 mkutubi mmoja wa Marekani, Michael Casey, aliipa hali hiyo jina, Maktaba 2.0, akiwa na maana ya maktaba inayowaacha wasomaji waseme, kisha inabadilisha huduma zake kufuatana na yale waliyosema. Wengi walichukua blogu, ile nafasi ya chini wakaisahau.

Ann Arbor, mji wa Michigan, hawakuisahau. Mwaka huohuo wa 2005 maktaba yao ilijenga tovuti yake juu ya blogu. Mkurugenzi mwenyewe alikuwa na yake. Wasomaji walimwandikia pale mbele ya watu wote, naye akawajibu palepale. Nilipolisoma jambo hilo mara ya kwanza nilinyamaza muda mrefu, nikiwaza ni wakubwa wangapi wa hapa kwetu wangekubali kuulizwa hadharani kwa nini kitabu fulani hakipo, na kujibu kwa jina lao.

Lakini ninalolipenda kuliko yote ni la Lyon, Ufaransa. Mwaka 2004 maktaba ya mji huo ilifungua dirisha la maswali kwenye intaneti, wakaliita Guichet du Savoir. Unauliza unachotaka, liwe la historia, la sheria au la mdudu uliyemkuta bustanini. Wakutubi wanatafuta na kujibu ndani ya saa 72, na swali pamoja na jibu vinabaki wazi ili wengine nao wasome. Tazama walichoahidi: muda. Msomaji anajua kwamba siku ya tatu atapata neno. Nakushauri uchukue wazo hilo zima, kama lilivyo, ulipande Kamalondo.

Haitaki pesa. Nunua daftari moja la karatasi, uliweke mezani pako, uandike juu yake MASWALI. Kila swali linaloingia, liwe limeletwa na mtoto mlangoni, limekuja kwa simu au limeandikwa kwenye blogu, liandike humo pamoja na tarehe, bila jina la mtu. Mbele yake acha nafasi ya tarehe ya jibu. Tarehe hizo mbili zisiachane zaidi ya siku tatu. Hata jibu likiwa "tumetafuta, bado hatujapata", liandike, mpelekee. Kila Ijumaa fungua daftari, chagua swali moja lenye nyama, lifanye kuwa andiko la blogu. Utaona kwamba huna tena shida ya kujua uandike nini, kwa sababu wasomaji wenyewe wanakuletea.

Anza na yule mama. Mwandikie leo, hata kama mtihani umekwisha, na umwombe radhi. Kisha andiko lako la 32 liwe hivi: "Mama mmoja alituuliza kitabu cha hesabu cha kalasi ya sita, tukachelewa kumjibu. Tumetafuta. Tunavyo viwili, kimoja kimekatika kurasa za mwisho. Nani ana kingine nyumbani ambacho mtoto wake amekimaliza?" Hapo msomaji ana la kusema, na pengine ana kitabu cha kuleta.

Umeona nimeandika Kiswahili. Maandishi yako 31 yote ni Kifaransa, tena kile cha ripoti ya mwaka, na jumbe zote mbili ulizopata zimeandikwa Kiswahili. Mwanangu, wasomaji wamekwisha kukuambia lugha wanayotaka. Usiwaogope walimu watakaosema Kiswahili cha Lubumbashi si safi. Mwaka 1965 chama cha watu waliokuwa watumishi wa nyumbani kwa wazungu, hapahapa mjini, walitoa historia ya Elisabethville, jina la zamani la Lubumbashi, kwa Kiswahili hikihiki chetu, iliyokusanywa na André Yav. Maandishi yale yalikuwa yamepigwa kwa mashine na kunakiliwa, kurasa chache tu. Leo watafiti waliokuwa Chuo Kikuu cha Amsterdam wameyaweka kwenye intaneti, mtu yeyote anayasoma bure. Weka aya yake moja kwenye blogu, uwaulize wazee wa Kamalondo kama majina ya mitaa yaliyomo bado wanayakumbuka. Andiko hilo moja litakupa kazi ya mwezi mzima.

Nalisema hilo kwa sababu nimeliona. Siku moja kule Katuba, ndani ya atlasi ya zamani tuliyopewa na familia moja, ilianguka picha nyeusi na nyeupe, ndogo kama kiganja, kona moja imeliwa na wadudu. Wanaume watano wamesimama mbele ya ukuta, mmoja ameshika baiskeli, na kwa mbali nyuma yao linaonekana bomba la moshi la kiwanda. Nikaipiga kwa simu, nikaiweka kwenye blogu na mstari mmoja chini yake: "Hapa ni wapi? Hawa ni akina nani?" Sikuongeza neno. Siku mbili zikapita kimya. Siku ya tatu akaingia mzee mmoja, mstaafu wa reli, anatembea kwa fimbo, mjukuu wake amemshika mkono. Kuandika kwenye simu hajui. Mjukuu alimwonyesha ile picha wakati wanakula bukari, mzee akaacha sahani, akavaa koti, akaja kwa miguu kutujibu.

Akaniomba picha yenyewe. Akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akaweka ukucha juu ya taa ya baiskeli. "Taa hii naijua," akasema. "Mwenyewe alikuwa anaifungua usiku analala nayo, isiibiwe." Sisi tulidhani ukuta ule ni wa Kenya, ile komini ya hapahapa Lubumbashi. Akakataa, akatuonyesha bomba la moshi liko mkono gani, akasema hapo ni nyuma ya kambi ya wafanyakazi wa reli, na kwamba ukuta ule ulianguka mvua moja kubwa kabla sisi hatujazaliwa. Nikayaandika maneno yake chini ya picha, kwa ruhusa yake, bila kuyanyoosha. Wiki moja baadaye watu 19 walikuwa wametia neno, na watatu walileta picha zao wenyewe ndani ya bahasha. Kwenye daftari langu nilimwandika mzee yule hivi: jibu moja, limekuja kwa miguu. Tangu siku ile sihesabu jumbe za chini peke yake. Na wewe usihesabu hizo tu.

Wazo la picha sikulitunga mimi. Januari 2008 Maktaba ya Bunge la Marekani iliweka picha kama 3,000 za zamani kwenye Flickr, tovuti ya kuwekea picha, ikawaomba watu waseme wanachokijua juu yake. Watu wakataja majina, mitaa, miaka, na maktaba ikarekebisha kumbukumbu zake. Australia nako, tangu mwaka huohuo, wasomaji wa maktaba ya taifa wanasahihisha magazeti ya zamani ambayo mashine iliyasoma vibaya. Mtu anakaa nyumbani kwake, anafungua ukurasa, anarekebisha mstari mmoja au mia, bila kulipwa senti. Wanafanya hivyo kwa sababu maktaba imewapa kazi ya kweli. Msomaji anajua akipewa mchezo na anajua akipewa kazi.

Sasa ugomvi wa kamati. Blogu na WhatsApp havigombani, kila kimoja kina kazi yake. WhatsApp ndiko watu waliko, lakini swali la Jumatatu likifika Alhamisi limezikwa chini ya salamu na picha za harusi. Blogu inatunza: mtoto wa mwaka kesho atalipata lile jibu la kitabu cha hesabu. Kwa hiyo andika kwenye blogu, kisha tuma mistari miwili na kiungo kwa WhatsApp. Usianze na kikundi. Anza na orodha ya kutumia wengi, ambamo kila mtu anapokea ujumbe wako peke yake na akijibu, jibu linakuja kwako tu. Orodha moja inachukua watu 256. Ila kila mmoja lazima awe ameihifadhi namba ya maktaba kwenye simu yake, la sivyo hapokei kitu. Mtu akija kuazima kitabu, mwombe aihifadhi palepale mbele yako. Na picha usizitume jinsi zilivyotoka kwenye simu. Picha ya mega tatu ipunguze ifike kilobaiti 100, msomaji wako asilie. Maneno mengi, picha moja, basi.

Tovuti kubwa yenye kila kitu: mwambie mweka hazina asubiri. Mahali pamoja nilipofanya kazi, ambapo sitapataja, tulijengewa tovuti nzuri sana, picha zinapita zenyewe, katalogi ya vitabu zaidi ya 3,000 imeingizwa kwa mikono na vijana wawili kwa miezi mitano. Neno la siri alikuwa nalo fundi. Fundi akapata kazi Kolwezi, akabadilisha namba. Mwaka ulipoisha, malipo ya jina la tovuti hayakufanywa, kwa kuwa barua za kukumbusha zilikuwa zinaenda kwake. Asubuhi moja nikafungua, hakuna kitu. Mmoja wa vijana wale alikaa chini sakafuni kati ya rafu, akalia. Sijaisahau siku hiyo. Kwa hiyo hata hiyo blogu yako ndogo, leo hii, andika neno la siri kwenye karatasi, litie ndani ya bahasha, bahasha iwekwe kwenye sanduku la pesa, na watu wawili wajue. Na kila mwisho wa mwezi shusha nakala ya maandishi yako uyaweke kwenye fleshi.

Katalogi ya kwenye kompyuta itakuja. Ziko programu za bure: Koha, iliyotengenezwa New Zealand kwa ajili ya maktaba za wilaya moja na kuanza kazi mwaka 2000, ambayo jina lake kwa Kimaori ni zawadi, na PMB ya Wafaransa, ambayo wenzetu wengi wa nchi za Kifaransa wanaitumia. Zote mbili zinamruhusu msomaji kupendekeza kitabu kinunuliwe na kusema neno juu ya alichokisoma. Ila kwa vitabu 1,400, na umeme huu, orodha safi kwenye jedwali la kompyuta inakutosha mwaka wa kwanza. Jaza daftari kwanza. Likijaa, niandikie.

BARUA YA PILI

*Mama, mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Ruashi. Nasaidia maktaba ya parokia yetu na ndiye msimamizi wa kikundi chake cha WhatsApp, watu 180. Kimenishinda. Wanatuma mahubiri, wanauza mafuta ya ngozi, na siku ya mechi ya Mazembe na Lupopo ni matusi mpaka usiku. Juzi msichana mmoja aliuliza kama tuna kitabu kinachoeleza ugonjwa fulani wa akina mama. Vijana wakamcheka, akatoka. Pia katibu ametuma humo orodha ya watu wasiorudisha vitabu, majina na namba za simu. Nikifunge?*

Mwalimu, pole sana. Usikifunge bado. Ila orodha ile ifutwe leo, kabla hujalala. Mtu alichoazima ni siri kati yake na maktaba, na namba yake ya simu hakukupa ili uisambaze. Nchi yetu ina Code du numérique, sheria ya mambo ya kompyuta na intaneti, tangu Machi 2023, na humo habari za watu binafsi zinalindwa kwa sheria. Lakini hata pasipo sheria, mtu aliyetangazwa mbele ya watu 180 kwa sababu ya kitabu kimoja hatakirudisha; atakwepa barabara yenu nzima. Katibu ampigie kila mmoja simu kwa upole. Mimi nilipata vitabu vingi kwa kuuliza tu, "Kitabu kilikupendeza? Kuna mwingine anakingoja."

Yule msichana mtafute. Usimwandikie kikundini; mpigie, au afadhali mke wako au mama mmoja wa parokia ampigie. Mjibu swali lake lote, mpe kitabu kama mnacho, na kama hamnacho mwelekeze kwenye kituo cha afya. Kisha tangaza kikundini kwamba maswali yote sasa yanakwenda kwa namba ya maktaba moja kwa moja, na kwamba maktaba italeta kikundini swali na jibu pekee, bila jina la aliyeuliza. Maswali ya afya na ya mambo ya nyumbani msiyalete kabisa, hata bila jina, kwa kuwa Ruashi watu wanajuana.

Matusi ya mpira yana dawa nyepesi. Kwenye mipangilio ya kikundi unaweza kufanya wasimamizi peke yao ndio waandike. Kifunge hivyo siku sita, ukifungue siku moja, tuseme Jumamosi kuanzia saa nane mpaka saa kumi na mbili, na siku hiyo uje na swali lako mwenyewe juu ya kitabu kimoja. Andika masharti manne, yasizidi hayo, kwa Kiswahili, uyaweke juu ya kikundi. Anayevunja mpigie kwanza, faragha. Akirudia mara ya pili mtoe, kisha mwandikie mwenyewe kwa nini umemtoa. Usimsimamie mtu kwa kumwaibisha mbele ya wengine, wewe mwalimu unalijua hilo kuliko mimi.

Vijana waliocheka nao usiwaache hivihivi. Waite maktabani wakusaidie kujibu maswali yanayokuja. Kijana akitumia saa nzima kutafuta jibu la swali la mtu mwingine, anajifunza uzito wa kuuliza.

BARUA YA TATU

*Mama, nasoma hapa Lubumbashi, chuoni Kasapa. Nina diski yenye vitabu 600 vya PDF: riwaya, vitabu vya watoto, kozi za maprofesa. Nataka kufungua blogu, niviweke vyote bure kwa watoto wa mtaa wetu. Rafiki yangu anasema nitapata shida. Kweli?*

Mwanangu, nia yako ni njema na rafiki yako amesema kweli. Sheria yetu ya haki za watunzi ni ya tarehe 5 Aprili 1986. Inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Sehemu kubwa ya diski yako ni mali ya watu walio hai, pamoja na maprofesa wako ambao huenda kozi hizo ndizo zinazowalipia masomo ya watoto wao. Omba ruhusa kwa kila mmoja, ukinyimwa, acha.

Lakini usivunjike moyo, viko vitu ambavyo vimetolewa ili ugawe. African Storybook, mradi ulioanzishwa Afrika Kusini, una hadithi nyingi za watoto zenye picha, zikiwemo za Kiswahili. Ruhusa yake inakuacha uzishushe, uzichapishe, hata uzitafsiri kwa Kibemba, Kiluba au Kisanga, mradi jina la mtunzi na la mchoraji ubaki nalo. Halafu kuna Kiwix, programu ya bure inayokupa Wikipedia nzima ya Kiswahili bila intaneti. Ishushe mara moja mahali penye mtandao mzuri, uiweke kwenye kompyuta moja ya maktaba. Watoto wakija wakati mega zimekwisha, bado wanasoma. Ukipata kompyuta ndogo ya kiganja na betri, zile simu zilizomo uani zinaweza kuisoma kwa waifai ya maktaba yenyewe, bila kulipa kitu. Nimewaona watoto saba wamekaa juu ya tofali wakigombania ukurasa unaoeleza tembo. Furaha yao ilikuwa kubwa kuliko PDF 600 ambazo simu zao haziwezi kuzifungua.

Na hiyo blogu ifungue, ila ijaze vitu vyako. Umesema mwishoni mwa barua, sehemu niliyoikata, kwamba kambo yako, mzazi wa mzazi wako, anasimulia hadithi za sungura usiku umeme ukikatika. Mrekodi kwa simu. Hadithi moja, dakika tano, sauti inatosha, picha usiweke. Iandike neno kwa neno jinsi alivyosema, uiweke pamoja na sauti, uwaulize watoto wa mtaa kwao mwisho wake unasimuliwaje, maana kila nyumba ina mwisho wake. Kabla ya hayo yote kaa naye, umweleze intaneti ni kitu gani na kwamba watu asiowajua watamsikia. Akikataa, mshukuru, uzime simu uendelee kusikiliza. Akikubali, jina lake liandike juu kabisa, kabla ya lako.